Gari la kale mtandaoni: kutu ambayo picha haionyeshi

Kununua gari kwa kutazama picha tu ni jambo la kila siku mjini Kampala. Lakini gari la michezo lenye umri wa nusu karne halinunuliwi kwa kanuni zilezile za gari la kawaida kutoka Japani. Sheria, kutu na usalama hubadilisha hesabu yote.

Mambo muhimu

- Tangu mwaka 2018, sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa.
- Kutu ya hatari ni ile iliyo kwenye mifupa ya gari, mahali ambapo rangi mpya na puti huweza kuificha.
- Breki, usukani na mahali pa kufungia mikanda ya usalama hutangulia injini na rangi.

Kyambogo ni kilima kilicho mashariki mwa katikati ya Kampala, kando ya barabara kuu iendayo Jinja. Juu yake kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa chuo cha ufundi kilichowafundisha mafundi wa Uganda kwa miongo kadhaa. Chini, kuelekea Nakawa, zimepangwa bondi, yaani viwanja ambamo magari yaliyotumika husubiri ushuru na wanunuzi.

Mengi ya magari hayo yalichaguliwa na mtu ambaye hakuwahi kuyagusa. Alitazama picha kwenye simu, akatuma fedha, akasubiri meli ifike Mombasa. Kwa gari la familia lenye miaka kumi, utaratibu huo umezoeleka, kwa kuwa vipuri vyake vimejaa madukani na kila fundi anayajua maradhi yake.

Wapo wanaotamani kutumia njia hiyohiyo kupata kitu tofauti kabisa: gari la michezo la miaka ya 1960 au 1970, lenye milango miwili na pua ndefu, la kukarabatiwa polepole nyuma ya nyumba. Hapo ndipo onyo la wahenga dhidi ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia hupata uzito wake.

Mapenzi yenye historia

Mvuto wa magari haya katika Afrika Mashariki una mizizi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965, ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, waliibuka washindi wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao.

Kisha likaja Datsun 240Z, gari la michezo la Japani lenye injini ya silinda sita. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake iliondoka nchini mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowafukuza watu wenye asili ya Asia. Kwa Waganda wengi wapenda magari, umbo la gari hilo hubeba kumbukumbu ya ushindi na ya msiba kwa pamoja.

Gari lililoshinda mwaka 1971 lilirudishwa Japani, na mwaka 2013 kundi la wafanyakazi wa Nissan wanaokarabati magari ya kale ya kampuni hiyo lilimaliza kulifufua. Kazi hiyo ilifanywa na wahandisi wa kampuni iliyolitengeneza, wakiwa na michoro yake na zana zote. Fundi wa Kampala huanza bila mengi ya hayo.

Sheria hutangulia bisibisi

Swali la kwanza halihusu kutu bali umri. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2018, inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi, na umri huhesabiwa tangu gari lilipotengenezwa. Kenya ni kali zaidi, kwani ukomo wake ni miaka minane. Tanzania haijaweka marufuku ya namna hiyo, lakini huongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka.

Maana yake ni kwamba gari la mwaka 1971 lililotangazwa Osaka au London, hata liking'aa namna gani, halina njia ya kawaida ya kufika Kyambogo. Jambo hili linawahusu pia walio ughaibuni wanaotaka kumtumia ndugu zawadi. Anayeamini kwamba gari lake lina sifa ya kipekee anapaswa kupata jibu la maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kabla ya kulipa hata senti moja. Jibu la mdomo kutoka kwa wakala halitamsaidia mtu gari likizuiliwa forodhani.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni gari la michezo lisilovuka umri huo, kwa mfano Mazda MX-5 ya miaka ya karibuni. Ya pili ni gari la kale ambalo tayari limo nchini, lililosahauliwa chini ya mwembe Jinja, Mbale au Mbarara, na sasa limetangazwa kwenye mitandao ya kijamii. Hilo nalo mara nyingi hununuliwa kwa picha, kwa hofu kwamba mwingine atalipia kwanza.

Kutu hujificha wapi

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu magari yaliyoishi pwani, au katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, huoza upesi. Kampala haina bahari, lakini ina misimu miwili ya mvua na udongo mwekundu. Matope hujibana ndani ya matao ya magurudumu, hushika unyevu kama sponji, na chuma hubaki kimelowa hata jua likiwaka.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo husukuma rangi kutoka ndani, na rangi huvimba kama upele. Uvimbe huo unapoonekana, mara nyingi upande wa pili umekwisha kuoza. Magari mengi ya wakati huo yalitengenezwa kabla ya viwanda kuzoea kupaka bodi zao zinki.

Jambo zito zaidi ni muundo. Magari kama Datsun 240Z na MGB ya Uingereza hayana chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mabomba bapa ya chuma yanayopita chini ya milango, pamoja na sakafu, hubeba uzito wote. Yakioza, gari huweza kupinda katikati na milango ikakataa kufunga. Kwa Land Rover ya zamani hali ni kinyume: bodi ya alumini huonekana safi huku chesisi ya chuma iliyo chini ikiwa imeliwa.

Katika 240Z, mahali pa kutazama kwanza ni kitako cha betri, sakafu chini ya mazulia, reli zinazoshikilia sakafu hiyo, sehemu za chini za milango na kingo za mlango wa nyuma. Hakuna hata moja ambayo muuzaji huipiga picha kwa hiari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kulichunguza gari lililo mbali

Picha za tangazo hupigwa ili kuuza. Mnunuzi anahitaji picha za aina nyingine: gari likiwa limeinuliwa na kuonyesha tumbo lake, mazulia yakiwa yamefunuliwa, namba ya chesisi ikisomeka, na kitabu cha umiliki chenye namba hiyohiyo. Video ya moja kwa moja, ambamo mnunuzi mwenyewe anaelekeza simu ielekezwe wapi, ni bora kuliko picha mia zilizochaguliwa.

Kwa magari yapitayo minadani Japani, ipo karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa gari na herufi. Herufi S huonyesha kutu, kutokana na neno la Kijapani sabi. C huonyesha chuma kilicholiwa. W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Mnunuzi anayedai karatasi hiyo, na kuisoma pamoja na anayejua, hupunguza hatari. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, hutaka pia magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kusafirishwa, lakini ukaguzi wa usalama haupasui bodi kutazama ndani.

Kwa gari lililo Uganda, nauli ya basi ya fundi ndiyo fedha yenye faida kuliko zote. Fundi huyo aende na vitu vitatu: tochi, bisibisi na sumaku ndogo. Sumaku isiponata mahali panapopaswa kuwa chuma, chini ya rangi kuna puti nene. Bisibisi ikisukumwa taratibu ikazama, hakuna chuma tena.

Kazi yenyewe

Kosa la kawaida ni kulivunjavunja gari lote wiki ya kwanza kwa shauku. Baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi. Kila kipande hupigwa picha kabla ya kufunguliwa, na bolti zake hutiwa kwenye mfuko wenye jina.

Tangi la mafuta na betri hutolewa kabla ya moto wowote wa kuchomelea. Tangi tupu si salama. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa urahisi kuliko mafuta yenyewe. Kisha, kabla ya kukata chuma kilichooza chini ya milango, bodi hufungwa kwa vyuma vya kuishikilia ili isipinde. Asiyefanya hivyo huchomelea gari likiwa limepinda, na hilo halirekebishwi kwa rangi.

Kilichooza hukatwa hadi chuma kizima kifikiwe, na kiraka cha bati la unene unaokaribia milimita moja huchomelewa badala yake. Kubandika bati juu ya kutu ni kuifungia kutu ndani iendelee kula. Baadaye huja rangi ya msingi yenye zinki, gundi ya kuziba maungio, na nta inayopulizwa ndani ya mabomba. Matundu ya kutolea maji yaliyowekwa na kiwanda lazima yabaki wazi.

Vipande vidogo vinaweza kusafishwa kwa umeme hafifu wa chaja ya betri ndani ya maji yenye magadi ya kufulia. Njia hiyo ni rahisi, lakini hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka, hivyo hufanyika nje. Chumvi ya mezani isitumike badala ya magadi, kwa sababu huweza kutoa klorini yenye sumu. Wala chuma kisichoshika kutu kisitumike kama ncha chanya, kwa kuwa huacha kemikali za kromiamu zilizo hatari.

Kampala ina mikono ya kazi hii. Katwe inajulikana kwa mafundi wa vyuma, na soko la Kisekka kwa vipuri. Kwa gari la kale, vipuri vingi vitatoka nje, na nauli na kodi yake viingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Uchaguzi wa gari ni muhimu hapa: MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, bado hutengenezewa vipuri Uingereza, na tangu mwaka 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikipatikana. Gari la nadra huweza kusimama miaka kwa kukosa kioo kimoja.

Kisichoonekana ndicho huokoa maisha

Wamiliki wengi hutaka kusikia injini ikinguruma kwanza. Mpangilio salama huanza kwingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na mabomba ya breki huoza kutoka ndani, yote hubadilishwa. Matairi huzeeka hata yasipotembea. Yale ya kuanzia mwaka 2000 huonyesha tarehe kwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Mahali pa kufungia mikanda pakiwa pameoza, mkanda mpya hautamzuia mtu siku ya ajali.

Vumbi nalo lina hatari yake. Pedi za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na rangi nyingi zilikuwa na risasi. Hazipulizwi kwa upepo wala kusuguliwa kwa msasa mkavu bila barakoa inayofaa, na watoto hawachezi karibu.

Gari la kale lililokarabatiwa vizuri huweza kugharimu kuliko litakavyouzwa. Anayelitaka kwa sababu ya kumbukumbu, kujifunza ufundi au furaha ya kazi yenyewe ana sababu ya kutosha. Anayetafuta faida ya haraka angefanya vyema kutazama kwingine. Kwa wote wawili, ombi la kwanza kwa muuzaji ni moja: picha za chini ya gari. Akikataa kuzituma, fedha zibaki mfukoni.