Kambare, Kibuyu na Watawa 31

Sisi tunaosoma fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukiona picha yenye maandishi, macho hukimbilia maandishi, na picha tunaiacha iwe pambo. Nilipokutana kitabuni na mchoro wa Josetsu uitwao Hyonenzu, mimi nami nilifanya hivyo hivyo. Makala haya ni jaribio la kuusoma upya.

Josetsu alikuwa mtawa wa Zen katika hekalu la Shokoku-ji, Kyoto. Mchoro aliufanya takriban mwaka 1415, juu ya karatasi, kwa wino mweusi na rangi chache hafifu. Mwanamume mwenye nguo chakavu amesimama ukingoni mwa kijito, kashika kibuyu. Majini anapita kambare. Kuna mianzi, kuna matete, na mbali kabisa kuna milima iliyofifia kama imo ukunguni. Basi, ni hayo tu. Sasa hebu jiulize: kambare hana magamba, mwili mzima ni utelezi. Kibuyu nacho ni cha mviringo, laini, mdomo mdogo. Ukimgandamiza kambare kwa kibuyu, kipi kitaanza kuteleza? Wajapani wana msemo unaotokana na kambare na kibuyu, na huutumia kwa mtu au maneno yasiyoshikika.

Kazi hii iliagizwa. Mtawa Taigaku Shusu, katika utangulizi wake, anaeleza kuwa aliyeiagiza ni mkubwa mmoja, ambaye wataalamu humtambua kuwa ni shoguni Ashikaga Yoshimochi. Na kwamba ilichorwa kwa “mtindo mpya” kwenye kiwambo kidogo cha kuwekwa karibu na kiti chake. Mtindo huo wengi huufasiri kuwa ni ule wa wachoraji wa China wa enzi ya Song ya Kusini, wenye kuacha nafasi kubwa tupu na kuidokeza tu milima. Kisha watawa 31, Shusu akiwa mmoja wao, wakaandika mashairi mafupi kuhusu jambo hilo hilo.

Leo Hyonenzu ni picha ya kuning'inizwa ukutani na kuviringishwa inapohifadhiwa, yenye kimo cha sentimita 111 hivi na upana wa 76. Sehemu yote ya juu ni safu za maandishi. Mtu na kambare wake wako chini. Mhakiki mwenye haraka ataanza kufasiri: maneno yamekaa juu, kwa hiyo maneno yanatawala. Ngoja kwanza, bwana! Kwenye kile kiwambo mchoro ulikuwa upande mmoja na mashairi upande wa pili. Aliyekaa mbele ya picha hakuyaona mashairi hata kidogo. Kuyasoma ilibidi azunguke. Ni baadaye ndipo pande hizo mbili zilipounganishwa, moja juu ya nyingine.

Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Mpangilio tunaouhakiki si wa Josetsu, wala si wa Yoshimochi. Ni wa mhariri wa baadaye. Na umegeuza usomaji wote. Kitendawili hutegwa kwanza, watu wakakuna vichwa, ndipo jibu likaja. Kiwambo kiliheshimu utaratibu huo. Picha ya ukutani imeupindua, maana jicho linaanzia juu, na kabla hujamwona kambare umeshawapitia watu 31 waliokwisha kumzungumzia.

Kwani walijibu? Hawakujibu. Wengine wanatania tu. Mmoja analeta habari za mchuzi wakati samaki yungali majini! Wapo wanaosema hili ni fumbo la Zen, yaani akili inayojaribu kujikamata yenyewe. Sipingi, ila naona tafsiri hiyo huletwa mapema mno, kama mwanafunzi anayeandika dhamira kabla ya kufungua riwaya. Wala sisemi mashairi yatupwe. Yalikuwamo tangu mwanzo, na bila ya utangulizi wa Shusu tusingejua hata habari za kiwambo.

Nilichofanya ni kufunika sehemu ya juu kwa karatasi tupu. Hapo nikaona jambo lililonipita mara ya kwanza: mikono ya yule mtu haijakishika kibuyu barabara. Kimekaa viganjani kama kitu kitakachoponyoka wakati wowote. Yaani kabla ya kufika kwa kambare, kibuyu chenyewe bado hajakikamata. Sikumbuki kulifikiria hilo nilipokuwa nimetumbukia kwenye mashairi.

Mchoro huu ni mali ya hekalu la Taizo-in, ndani ya Myoshin-ji, Kyoto, na ni Hazina ya Taifa ya Japani. Wenyewe umewekwa amana katika Makumbusho ya Taifa ya Kyoto. Hekaluni wageni huonyeshwa nakala. Sisi wengine tutaupata vitabuni. Atakayeuona aanzie chini, kwenye ile mikono.