Kanisa Kuu la Jamaa Takatifu, Nairobi

Tunawasalimu kutoka Nyaramba, huku Nyamira, kwenye vilima vya chai na ndizi. Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jengo, tena si jengo letu. Ni Kanisa Kuu la Wakatoliki lililo katikati ya Nairobi, lile la Jamaa Takatifu, ambalo watu wa mjini huliita Holy Family.

Huenda mtu akashangaa: mchungaji wa Kianglikana ana shughuli gani na kanisa la Wakatoliki? Tunazo sababu mbili. Vijana wetu waendao Nairobi kwa kazi au masomo hutuuliza kama ni dhambi kuingia mle, kwa maana mlango u wazi mchana kutwa na wao wanatafuta mahali pa kuketi kimya. Na wazee wa kamati zetu za ujenzi nao huuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama nyumba kubwa namna ile si kupoteza mali ya Mungu. Maswali yote mawili ni ya haki, na hayajibiwi kwa kununa.

Tuanze na neno lenyewe. "Kathedrali" limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni kiti. Zamani mwalimu alifundisha ameketi, na wanafunzi wakasimama au kukaa chini. Bwana wetu mwenyewe, kule Nazareti, alisoma chuo amesimama, kisha akaketi ndipo akafundisha. Someni Luka sura ya nne. Basi kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu. Ukubwa haumo katika maana hiyo hata kidogo. Kibanda cha nyasi chenye kiti cha askofu ni kanisa kuu, na jumba la watu elfu kumi lisilo na kiti hicho si kanisa kuu. Sisi Waanglikana tunacho kiti kama hicho katika All Saints, Nairobi, na katika kila dayosisi yetu. Kwa hiyo asije mtu akasema neno kathedrali ni la Roma peke yake.

Sasa historia. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai. Mwaka huo huo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St Austin's, upande wa Msongari. Karne ya ishirini ilipoanza, wakajenga kanisa la mawe mjini, Nairobi ikiwa bado mji wa mahema na mabati. Kanisa hilo likatumika miaka mingi. Mwaka 1953 Roma ikaifanya Nairobi kuwa jimbo kuu, na John Joseph McCarthy, mtu wa Ireland, akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Waumini walikuwa wamezidi, nyumba haitoshi. Ndipo ikaamuliwa kujenga upya, na kazi ikaanza mwaka 1960.

Mwaka huo wa 1960 tuushike vizuri, kwa sababu unatugusa sisi watu wa Gusii. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefungua Nyabururu tangu mwaka 1911, nao Waadventista hawakukawia kufuata pale Nyanchwa. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walipopigana mjini Kisii, misheni hizo ziliporwa. Wazee walisimulia habari hiyo bila kujivuna sana. Kazi ikarudishwa, ikakua, na tarehe 21 Mei 1960 Kisii ikawa jimbo. Askofu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Maurice Otunga, aliyezaliwa mwaka 1923 kule Bungoma, mwana wa Chifu Mkuu Sudi Namachanja. Alikaa Kisii karibu miaka kumi. Mwishoni mwa mwaka 1969 akapelekwa Nairobi kuwa msaidizi wa McCarthy mwenye haki ya kumrithi, na mwaka 1971 akaketi katika kiti kile tulichokitaja. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kardinali, wa kwanza katika Kenya. Basi mtu aliyezipanda njia za matope za milima yetu ndiye aliyekuja kuwa mchungaji wa nyumba ile kubwa kwa robo karne.

Na nyumba yenyewe ni ya namna gani? Aliyeichora ni mwanamke, Dorothy Hughes, ambaye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya usanifu wa majengo katika Kenya. Alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wakati wa ukoloni. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu bado zipo kamati za ujenzi ambazo mama akisema neno juu ya msingi, wazee hukohoa.

Hughes hakuiga makanisa ya kale ya Ulaya. Mtu atokaye All Saints, akashuka mjini mpaka Jamaa Takatifu, atakuwa ameona karne mbalimbali kwa mwendo wa dakika chache. All Saints ilichorwa na Mwingereza Temple Moore kwa mtindo uitwao Gothiki: mawe yaliyochongwa, kuta nene, madirisha na milango yenye matao yaliyochongoka juu kama mikono ya mtu anayeomba. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na kazi ikakamilika mwaka 1952. Jamaa Takatifu ni saruji na vyuma, mistari iliyonyooka, nguzo ndefu zisizo na mapambo, madirisha marefu membamba yenye vioo vya rangi, na mnara mrefu wenye msalaba. Huingia watu wapatao 4,000.

Hapa tukae kidogo, maana jambo hili litawafaa wajenzi wetu. Jiwe lina nguvu ajabu likikandamizwa. Pandisha jiwe juu ya jiwe hata mbinguni, la chini litabeba. Lakini jiwe likivutwa au kupindwa hupasuka mara moja. Ndiyo sababu wajenzi wa kale walitumia tao: tao hugeuza uzito wote wa juu kuwa kukandamiza, ukateremka ubavuni mpaka chini. Lakini uzito huo husukuma kuta kwenda nje, basi kuta zikalazimika kuwa nene na kuegemezwa. Chuma ni kinyume chake: kikivutwa hakikatiki upesi. Mtu akilaza nondo ndani ya zege, zege hubeba kukandamizwa na chuma hubeba kuvutwa, nao wawili wakafanya kazi ambayo mmoja peke yake asingeiweza. Kwa hiyo nguzo ikawa nyembamba, boriti ikaenda mbali bila tegemeo, na watu maelfu wakaiona madhabahu bila kuzibwa. Tumeona huku kwetu watu wakimimina zege bila nondo za kutosha, ili kupunguza gharama, kisha wakaomba Mungu ailinde nyumba. Kuomba ni kwema. Nondo nazo ziwekwe, tena upande wa chini wa boriti, ambako ndiko inakovutika.

Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1963, mwaka wa Uhuru wetu. Na ukumbukeni mwaka huo kwa jambo jingine. Maaskofu wa Kikatoliki wa ulimwengu mzima walikuwa wakikutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na tarehe 4 Desemba 1963 wakatoa hati yao ya kwanza, iliyohusu ibada. Tangu hapo misa, iliyosomwa kwa Kilatini karne nyingi, ikaanza kusemwa kwa lugha za watu, na padre akageuka kuwatazama waumini. Sisi ambao baba zetu wa matengenezo waliteswa kwa kutaka watu wamwombe Mungu kwa lugha waielewayo, hatuna haki ya kuyasikia hayo kwa uso uliokunjwa. Tunamshukuru Mungu. Ukumbi ule mpana, usio na kizuizi kati ya watu na madhabahu, ulifaa ibada hiyo mpya kana kwamba ulikuwa umeingojea.

Mwaka 1982 Roma ikalipa kanisa hilo heshima ya kuitwa basilika ndogo. Neno hili pia ni la Kiyunani, lenye habari ya mfalme. Warumi wa kale waliita hivyo kumbi zao kubwa za hukumu na biashara, na Wakristo walipopata uhuru wakajenga makanisa kwa umbo hilo. Basilika kubwa ni nne, zote ziko Roma. Nyingine zote ulimwenguni huitwa ndogo, hata zikiwa pana kama uwanja. Kwetu sisi jina hilo halina uzito mwingi. Linaonyesha tu kifungo cha pekee na Askofu wa Roma.

Sasa ingieni ndani pamoja nasi, kwa maneno tu. Mtaona picha kumi na nne za Njia ya Msalaba, zinazomfuata Bwana tangu kuhukumiwa mpaka kaburini. Mtaona sanamu. Mtaona kisanduku kinachowekwa mkate wa sakramenti, na taa iwakayo karibu yake. Mtaona vyumba vidogo vya maungamo. Katika mambo haya twatofautiana, na hatutafunika tofauti hiyo kwa maneno matamu. Hatuwaombi watakatifu watuombee, wala hatuisujudii sakramenti iliyowekwa akiba. Hata hivyo Waanglikana wenyewe si wamoja katika hayo: ndugu zetu wa Unguja, waliolelewa na misheni ya UMCA, wana uvumba na taa ambazo sisi watoto wa CMS tungeziogopa. Ama Njia ya Msalaba, hatujui Mprotestanti atakayedhurika kwa kukumbushwa kwamba Bwana alianguka chini ya mti ule.

Basi kijana aliyetuuliza, tunamjibu: ingia, keti, omba. Misa ikiwapo, simama wanaposimama na usikilize Neno. Usiende mezani kupokea. Kanuni yao haitukaribishi, na kujipenyeza si ushirika. Huzuni iliyomo katika jambo hilo ibebe, uende nayo nyumbani.

Swali la wazee ni gumu zaidi. Je, ilifaa kutumia mali nyingi hivyo? Sulemani mwenyewe, siku ya kuiweka wakfu hekalu, alikiri kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga. Lakini alijenga. Sisi tunafikiri nyumba hupimwa kwa yale ambayo watu wameyaleta ndani yake. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Alikuwa Mkatoliki, na siku tatu baadaye misa ya wafu ikafanyika katika Jamaa Takatifu. Umati ulijaa nje mpaka barabarani. Gari la Rais Kenyatta lilipofika, watu wakalipuka kwa hasira, mawe yakarushwa, polisi wakapiga kwa virungu na kutupa mabomu ya kutoa machozi, na moshi ule ukaingia mpaka ndani walimokuwa wakiomba. Siku ile taifa letu changa lilikaribia kupasuka kama jiwe lililovutwa. Sisi wa Nyaramba, tunaopakana na Wajaluo na kuoana nao, tunajua hofu iliyoingia mipakani miezi ile. Nyumba ndogo isingewatosha waombolezaji wale. Na hata ile kubwa haikuwatosha.

Kwa hiyo hatutasema ukubwa ni dhambi. Tunalosema ni kwamba kila sharika ijenge kwa haja yake. Makanisa mengi ya huku hujengwa kwa harambee na kwa fedha ya bonasi ya chai, na mjane hutoa kabla ya kulipa karo. Paa litangulie, sakafu ifuate, na mnara uwe wa mwisho kabisa. Wala msione haya kazi ikikawia: All Saints ilichukua miaka thelathini na mitano, Jamaa Takatifu mitatu, na siku hizi hakuna mwabudu anayeuliza muda. Wapo pia waliojenga bila msanifu wa mjini. Padre John Kaiser, Mmarekani wa Mill Hill aliyefika Gusii mwaka 1964 na kukaa miaka mingi, alijulikana kwa kushika mwiko na kujenga makanisa ya vijijini kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye aliwatetea watu waliofukuzwa katika mashamba yao, na mwezi wa Agosti 2000 akakutwa ameuawa kando ya barabara karibu na Naivasha. Makanisa aliyoyajenga hayana vioo vya rangi.

Tumalizie habari ya Otunga. Alistaafu mwaka 1997. Mwana huyu wa chifu, kardinali, aliyekuwa na kiti katika nyumba kubwa kuliko zote za jimbo lake, alihamia katika Nyumba ya Wazee, makao ya masista wanaowatunza wazee maskini, akakaa nao kama mmoja wao. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003. Hakuzikwa chini ya sakafu ya kanisa kuu, kama ilivyo desturi ya maaskofu wengi. Alizikwa Msongari, St Austin's, kati ya makaburi ya wamisionari, pale pale kazi ilipoanzia mwaka 1899. Baadaye mwili wake ulihamishiwa Karen, katika bustani ya sala, na watu wa makanisa yote hufika huko kuomba chini ya miti.