Kemia huanza kabla nyota haijawaka

Nyota huzaliwa gizani, tena kwenye baridi kali. Ndani ya mawingu ya gesi na vumbi yaliyotanda angani, joto hushuka hadi nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri. Gesi yenyewe ni nyembamba mno, na kwa hali hiyo mtu angedhani hakuna kemia ya maana inayoweza kufanyika. Kumbe humo ndimo yanamotengenezwa maji, pombe na hata jamii ya sukari.

Kazi kubwa hufanywa na vumbi. Chembe moja ina upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Atomi ya haidrojeni ikiigonga hunasa, ikatangatanga juu yake hadi ikutane na nyingine. Zinaposhikana hutoa nishati, na chembe huipokea. Zingekutana kwenye gesi tupu, nishati hiyo hiyo ingezitenganisha tena. Haidrojeni ikikutana na oksijeni, hatua kwa hatua hupatikana maji, nayo hubaki pale pale yakiwa barafu.

Wingu likizidi kupoa, huganda pia kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Haidrojeni huivamia. Zikiongezeka atomi mbili, inakuwa fomaldehaidi, ambayo mochwari huitumia kuhifadhia maiti. Zikiongezeka mbili nyingine, inakuwa methanoli, sumu inayopofusha na kuua wanywaji wa pombe haramu iliyochakachuliwa. Hapa duniani tunaziogopa zote tatu. Huko angani ni malighafi ya molekuli kubwa zaidi.

Baadaye uzito wa wingu huliangusha ndani kwa ndani, na kitovu chake huanza kupata joto. Karibu na nyota changa, barafu ikifikia takriban nyuzi 173 chini ya sifuri, hugeuka mvuke na kuachia kila kilichomo. Hapo ndipo wanasayansi huipata nafasi yao. Molekuli zilizo kwenye gesi huzunguka, na kila aina hutoa mawimbi ya redio ya masafa yake yenyewe, hivyo darubini inaweza kuitambua bila kuigusa. Kaboni monoksidi ilitambuliwa hivyo mwaka 1970. Leo orodha imepita molekuli 300.

Mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa sana ni IRAS 16293-2422, nyota changa zilizo katika kundinyota la Ophiuchus. Mwaka 2012, timu ya Jes Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ilitangaza kuona huko glikoaldehaidi, molekuli sahili ya jamii ya sukari. Walitumia ALMA, mtandao wa antena uliojengwa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari katika jangwa la Atacama, Chile. Huo si ushahidi wa uhai. Unachoonyesha ni kwamba baadhi ya malighafi za uhai huwepo kabla sayari hazijaundwa.

Je, Dunia ilirithi chochote? Maji yanatoa jibu. Kuna haidrojeni nzito, yenye nyutroni moja ya ziada, na kwenye baridi kali ikishaingia katika molekuli haitoki kirahisi. Katika bahari zetu, takriban atomi moja kati ya kila 6,400 za haidrojeni ni ya aina hiyo, kiwango kinachopita mara kadhaa kile cha gesi iliyounda Jua. Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Ilsedore Cleeves, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipiga hesabu wakaona kwamba Jua changa na sahani ya gesi iliyolizunguka visingeweza kuzalisha kiasi hicho vyenyewe. Hitimisho lao ni kwamba sehemu ya maji ya Dunia ilitoka kwenye barafu ya wingu lililotangulia. Ikiwa ndivyo, mifumo mingine ya sayari nayo huanza na maji yaliyokwisha kutengenezwa, na Dunia haikupata bahati ya pekee.