Deep Purple Jukwaani Japani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha Deep Purple kule Montreux, Uswisi, wakimalizia albamu ya Machine Head. Agosti 1972 walikwenda Japani kwa mara ya kwanza, na wauzaji wa rekodi zao huko wakataka albamu ya jukwaani, kwa ajili ya soko la Japani tu. Bendi haikuwa na hamu nayo. Albamu nyingi za jukwaani za enzi hizo zilisikika kama muziki wa ukumbini ukisikilizwa ukiwa chooni. Wakakubali kwa masharti: mitambo aisimamie fundi wao, Martin Birch, na wasiporidhika, isitoke.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa njia nane. Hapo ndipo penye siri ya albamu hii. Wanamuziki ni watano, na ngoma za Ian Paice peke yake zinataka maikrofoni kadhaa. Sauti zote hizo zibanwe kwenye njia nane za mkanda mmoja. Tena jukwaani maikrofoni haichagui: iliyo mbele ya mwimbaji inanasa na ngoma zilizo nyuma yake. Ukifuta noti mbovu ya gitaa kwenye njia yake, bado utaisikia kwenye njia za wenzake. Basi kilichopigwa ndicho kilichobaki.

Walirekodi usiku wa tarehe 15 na 16 Festival Hall, Osaka, kisha 17 Budokan, Tokyo. Budokan ndiyo yenye jina, lakini nyimbo nne kati ya saba zilitoka usiku wa pili wa Osaka. Mmojawapo ni Strange Kind of Woman. Ritchie Blackmore anachomoa kipande kifupi cha gitaa, Ian Gillan anakirudia kwa koo. Gitaa linapanda, naye anapanda, hadi anaishia kwenye ukelele ambao sijui mapafu gani yaliuhimili. Space Truckin’ nao unameza upande mzima wa santuri, karibu dakika 20. Kwa sikio langu, umezidi.

Mpiga besi Roger Glover na Paice ndio walioshughulikia kuchanganya sauti. Gillan na Blackmore hawakufika. Made in Japan ikatoka Uingereza Desemba 1972, santuri mbili, na Marekani Aprili 1973, ambako ilipanda hadi nafasi ya sita. Miezi miwili baadaye Gillan alikwishaondoka, na hayo ni ya juma lijalo.