Dawa za Miti na Kisukari: Tupime Kwanza, Kisha Tunywe

Katika nyumba nyingi za Makorora, kando ya vidonge vya kisukari huwa pana chupa nyingine. Humo mna maji ya mwarobaini, unga wa mlonge, kokwa za zambarau zilizosagwa, karela, uwatu au habat sauda. Baadhi ya chupa hizo hununuliwa nje ya milango ya misikiti baada ya Sala ya Ijumaa, na kamati yetu imeombwa zaidi ya mara moja izitangaze kwa kipaza sauti. Kabla ya kutoa jawabu, tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza waumini namna dawa ya mti inavyothibitishwa.

Uislamu haukutufundisha kudharau tiba. Mtume wetu (S.A.W.) amebainisha kwamba hakuna maradhi aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ila ameyawekea dawa, na ameitaja habat sauda kwa kheri. Lakini mafundisho hayo hayo yanambebesha dhamana mtu ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, akamdhuru mgonjwa. Kwa hiyo tumeamrishwa mambo mawili kwa pamoja: kutafuta dawa, na kuitafuta kwa elimu.

Wala hospitali yenyewe haikujitenga na miti. Metifomini, kidonge wanachokimeza wagonjwa wetu wengi, chimbuko lake ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea huo ulifahamika pia kuwa ni sumu kwa mifugo. Ilibidi wataalamu watafute kiini chake, watengeneze kinachofanana nacho lakini chenye usalama zaidi, na hatimaye mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa dawa hiyo. Kati ya jani na kidonge palikuwa na safari ndefu ya vipimo.

Hapa Tanzania safari hiyo ina wasafiri wake. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Watafiti wake, akiwemo Profesa Mainen Moshi, waliwaendea waganga wa tiba asili na kuwauliza kwa heshima wanawatibu vipi wenye kisukari. Mmoja wa mimea waliyoipima ni Phyllanthus amarus, mmea mdogo wenye vitunda vilivyojipanga chini ya majani, unaosifika katika nchi nyingi kuwa huteremsha sukari. Walianza kwa sungura, na utafiti huo ukachapishwa mwaka 1997. Kisha wakaingia kwa binadamu.

Matokeo ya binadamu yalichapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 21 waliokuwa wakitumia vidonge walisimamishwa dawa kwa wiki moja chini ya uangalizi, na sukari yao ikapanda. Baada ya hapo wakanyweshwa maji ya mmea ule kwa wiki moja. Sukari haikushuka, si kabla ya kula wala baada ya kula. Vipimo vya ini na figo havikuonyesha madhara, lakini faida iliyotarajiwa haikuonekana. Wiki moja ni muda mfupi, na jambo hili halihukumu kila mmea. Hata hivyo linatosha kutuonya kwamba sifa za mdomo si kipimo.

Mfano wa pili unahusu mti tunaoujua sote. Nchini Brazil watu wengi hunywa chai ya majani ya mzambarau kwa ajili ya kisukari. Watafiti wa mji wa Porto Alegre waliipima kwa panya na kwa watu, wakachapisha matokeo mwaka 2000: chai hiyo haikuteremsha sukari. Anayeuza kokwa badala ya majani naye anadaiwa ushahidi wa kokwa zake.

Mfano wa tatu una matumaini zaidi. Huko Saudi Arabia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wagonjwa 94 habat sauda ya gramu 1, 2 au 3 kwa siku kwa muda wa miezi 3. Waliotumia gramu 2 sukari yao ilipungua vizuri. Lakini tuzingatie: waliendelea kumeza vidonge vyao vya hospitali, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kitu kisicho dawa. Habat sauda iliongezwa juu ya tiba. Haikuchukua nafasi ya tiba.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini akiachishwa sindano, siku chache tu zinaweza kumwua. Mtu mzima anayechanganya vidonge na dawa ya miti yenye nguvu anaweza kushukiwa na sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, akatoka jasho, akatetemeka na kupoteza fahamu, hasa katika funga ya Ramadhani. Tena katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa zilizoitwa za asili, kumbe ndani yake zimetiwa vidonge vya kisukari vilivyosagwa.

Basi kila familia imwulize muuzaji maswali haya. Ni mti gani, na ni sehemu ipi ya mti? Kipimo chake ni kiasi gani, na je, chupa ya leo ni sawa na ya jana? Imepimwa kwa binadamu wangapi, kwa muda gani? Na je, anamtaka mgonjwa aache dawa za hospitali? Anayejibu ndiyo katika swali hili la mwisho, tumwage kwa salamu.

Kamati yetu imeazimia kwamba hakuna dawa itakayotangazwa msikitini ikiwa mwenye nayo hakusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Na hata aliyesajiliwa, usajili wake ni ruhusa ya kufanya kazi, si uthibitisho kwamba dawa yake inaponya kisukari.

Tunawanasihi wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu: mnapokwenda Kituo cha Afya cha Makorora au Hospitali ya Bombo, chukueni chupa ile na mumwonyeshe daktari bila ya kuona haya. Pimeni sukari kabla ya kuanza kuinywa na baada yake, na muandike tarehe. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana hailindwi kwa kubahatisha. Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.