Waya wa Dishi Unaweza Kubeba Intaneti

Faiba ikishafika chini ya ghorofa, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza: kuifikisha kwenye kila fleti. Kuta hutobolewa, vumbi hutimka, wapangaji hununa. Na huku ndani ya kuta hizohizo umelala waya wa dishi ambao mara nyingi ungetosha.

Waya huo, koaksia, una uti wa shaba katikati, plastiki nyeupe ya povu, kisha ngao ya chuma. Ngao huzuia mawimbi ya nje yasiingie na ya ndani yasivuje, ndiyo maana koaksia hubeba masafa makubwa kuliko waya wa simu. Matangazo ya setilaiti hushuka humo kati ya megahezi 950 na 2150. Televisheni ya antena hutumia takriban 470 hadi 694. Chini ya 200 kwa kawaida hakuna king'amuzi cha dishi kinachosikiliza, na nafasi hiyo yaweza kupewa data.

Ndipo inapofaa teknolojia ya G.hn, iliyowekewa viwango na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU). Mwenzake maarufu, MoCA 2.5, hufikia gigabiti 2.5 kwa sekunde, lakini kwa kawaida hutumia megahezi 1125 hadi 1675, yaani katikati kabisa ya njia ya setilaiti. Ukiifunga MoCA kwenye waya unaotumiwa na dishi, picha zitakwama. Kwa ghorofa zetu zenye madishi juu ya paa, mimi ningeanza na G.hn.

Palipo na kisanduku kinachompa kila mpangaji waya wake, mambo ni mepesi: data huingizwa chini ya kisanduku hicho, kila fleti ikawa na njia yake. Kiunganishi kitakachotumika lazima kipitishe umeme wa volti 13 au 18 ambao king'amuzi hulipelekea dishi, la sivyo televisheni itazima.

Tabu iko kwenye majengo ambako waya mmoja umegawanywa kwa spilita. Spilita ya njia mbili hukata nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu. Ya njia nane humwachia kila mtu chini ya sehemu moja ya kumi. Busta nazo nyingi hupitisha mawimbi upande mmoja tu, ilhali intaneti huenda na kurudi. Hapo kasi pia hugawanywa: gigabiti moja ikitumiwa na fleti 20 kwa pamoja haimpi kila mmoja gigabiti. Na kwa kuwa data za majirani hupita njia moja, usimbaji uwashwe tangu siku ya kwanza.

Mwenye nyumba, kabla hujaruhusu ukuta kutobolewa, mwambie fundi apande paani, ahesabu spilita, abadilishe viungio vilivyoota kutu, kisha apime kasi kwenye fleti iliyo mbali kuliko zote.