Bapa na Makali: Istilahi za Kumalizia Kisu cha Kukunja

Katika mijadala ya istilahi za ufundi huchukuliwa mara nyingi kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno, na kwamba dawa yake ni kuunda mapya. Kazi ya mhunzi wa jua kali wa Nakuru, anayetengeneza kisu cha kukunja kwa springi kuukuu ya gari, yaonyesha vingine. Maneno yapo, tena yamepangwa kwa utaratibu ambao neno la jumla kama "umaliziaji" haliwezi kuubeba.

Kisu kina bapa na kina makali. Kwa makali, lugha ina kitenzi mahsusi, noa, chenye asili ya Kibantu. Kikuyu, ambacho husemwa sana Nakuru, kina noora. Kule kwenye r ya Kikuyu, Kiswahili kilikuwa na l, nayo ingali inajitokeza katika nolea. Kinoo nacho kimezaliwa na kitenzi hicho hicho.

Bapa halina kitenzi cha namna hiyo. Hapa lugha hutumia piga pamoja na jina la chombo: kupiga tupa, kupiga msasa, kama vile seremala apigavyo randa na dobi apigavyo pasi. Msasa wenyewe, kabla ya kuwa karatasi, ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumika kulainishia mbao. Jina lilihama kutoka jani hadi karatasi bila kuitishwa kikao cha kamati yoyote.

Mpangilio wa kazi hizi si jambo la hiari. Tupa huacha mikwaruzo mirefu. Msasa wa namba 120 huiondoa na kuacha midogo zaidi, kisha hufuata 240 na 400. Kila namba inapobadilishwa, fundi hubadili na upande wa kusugulia, ili mikwaruzo ya awali ionekane wazi na iondolewe yote. Katika kisu cha kukunja uangalifu huu una uzito wa pekee, kwa kuwa bapa hulala ndani ya mpini, mahali ambapo unyevu hukawia na kitambaa hakifiki. Na chuma cha springi hushika kutu upesi palipo na mkwaruzo. Cherehe ina hatari yake. Chuma kilichokwisha kutiwa maji kikipata joto mno juu ya jiwe hugeuka rangi ya majani makavu, kisha buluu. Kikifika buluu kimepoteza sehemu ya ugumu wake, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Sharti kipashwe moto na kutiwa maji upya.

Kitenzi ng'arisha, ambacho mfasiri hukikimbilia, hutaja tokeo tu. Bapa laweza kung'aa na makali yakabaki butu. Katika vyuo vya ufundi vya Kenya mafunzo hutolewa zaidi kwa Kiingereza, ilhali mwanagenzi wa jua kali huelekezwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Faharasa inayofasiri "umaliziaji" kwa neno moja itamwacha wa kwanza bila kujua afanye nini, na wa pili hataitambua kazi yake mwenyewe. Ukusanyaji wa istilahi hizi hauna budi kufanyiwa penye fuawe, kila neno likiandikwa pamoja na chombo chake na sehemu ya kisu inayohusika. Na mtunga kamusi aamue kama kupiga msasa kutaendelea kufichwa chini ya piga, au kutapewa kidahizo chake.